Chunjua za Kandokando ya Kucha za Watoto na Namna ya Kuzitibu

Katika maradhi ya ngozi yawapatayo watoto wa umri wa kwenda shule, ni machache yadharauliwayo mwanzoni na kuwachosha wazazi mwishoni kuliko chunjua. Na katika chunjua zote, zile ziotazo kandokando ya kucha na chini yake ndizo kaidi zaidi. Huanza kwa kipele kidogo kigumu, chenye rangi isiyo mbali na rangi ya ngozi iliyokizunguka, ambacho mama hukiona siku ya kumkata mtoto kucha, naye hukiacha akidhani ni sugu ya kalamu au alama ya mwiba. Kisha miezi hupita, kipele kikawa viwili, viwili vikakutana, ngozi ikawa nene na ya kukwaruza, ikapasuka na kutoa damu, hata ukingo mzima wa ukucha ukafunikwa. Hapo ndipo nyumba nzima hushughulika kutafuta dawa, na hapo ndipo, kwa haraka na kwa kukata tamaa, kidole cha mtoto hupatwa na madhara makubwa kuliko yale ya chunjua yenyewe.

Makala hii imekusudia kueleza chunjua hizo ni kitu gani, kwa nini hung'ang'ania mahali hapo, na kwa njia zipi huondolewa. Lakini juu ya hayo yote inatetea rai moja, nayo ni kwamba chunjua ya mtoto, hata ikiwa kaidi vipi, aghalabu ni jambo la kupita, ilhali ukucha na ncha ya kidole ni vya umri mzima, na kwa hiyo matibabu yoyote yaiondoayo chunjua kwa kuuharibu ukucha hayastahili kuitwa tiba.

Asili ya chunjua ni virusi vya jamaa iitwayo papiloma, ambayo aina zake zijulikanazo zimepita 200, na kila aina ina sehemu ya mwili inayoipendelea. Aina zipendazo mikono na vidole, kama vile ya 2, ya 27 na ya 57, huingia kwa njia ya mchubuko mdogo ambao aghalabu jicho haliuoni, zikashuka mpaka tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu, na huko zikakaa kimya. Haziingii katika damu, hazimpi mtoto homa, wala haziziui chembe za ngozi zinamokaa. Kazi yake ni kuzihimiza chembe hizo zizaliane kupita kiasi, mpaka ngozi ikarundikana na kuinuka. Vishipa vyembamba vya damu navyo huota kwenda juu kuilisha ngozi hiyo iliyozidi, na damu ikiganda ndani yake huonekana kwa nje kuwa vidoto vyeusi, ambavyo watu wengi huviita mizizi au mbegu za chunjua. Kwa hakika chunjua haina mzizi uliozama mwilini. Yote imo katika ngozi ya juu tu, na jambo hili ni la kushikwa vizuri, kwa kuwa mtu aaminiye kwamba uko mzizi wa kung'olewa ndiye achimbaye kwa sindano mpaka akapafikia mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa.

Wanadamu wamezijua chunjua tangu kale. Tabibu mashuhuri Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alizitaja katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb pamoja na maradhi mengine ya ngozi. Lakini haikupatikana ithibati kwamba zaambukizwa na kitu kidogo kuliko bakteria mpaka mwaka 1907, wakati daktari wa Kitaliani Giuseppe Ciuffo alipoisaga chunjua, akayapitisha maji yake katika chujio lisiloruhusu bakteria kupita, kisha akayatia maji yale katika ngozi yake mwenyewe, na baada ya muda chunjua zikamwota. Mwaka 1949 wataalamu walivipiga picha virusi hivyo kwa hadubini ya elektroni, na tangu hapo haikusalia shaka kuhusu chanzo chake. Kwa hiyo chunjua haziletwi na uchafu wa nyumba, wala chakula, wala jicho la hasidi, wala kosa la mtoto. Ni maambukizo ya kawaida mno, hata uchunguzi uliofanywa katika shule za msingi za Uholanzi ulimkuta mtoto mmoja katika kila watoto watatu anazo mkononi au mguuni.

Tangu virusi vinapoingia mpaka chunjua inapoonekana hupita wiki kadhaa au miezi, na pengine hata mwaka. Kwa sababu hiyo ni kazi bure kumsaka darasani mtoto aliyemwambukiza mwenziwe, na tena ni dhuluma, kwani huyo ashukiwaye huenda naye aliambukizwa na mwanao. Lililo na faida ni kuzijua njia za maambukizo: mkono kwa mkono katika michezo, taulo moja kwa ndugu wote, mkasi mmoja wa kucha upitao kwa watoto watano jioni moja, sakafu za bafu zenye majimaji. Na njia kubwa kupita zote hizo ni mtoto kujiambukiza mwenyewe, kutoka kidole hiki kwenda kile, na hapa ndipo kucha zinapoingia katika habari yetu.

Mtoto atafunaye kucha, au abanduaye vile vigozi vinavyochomoza kandoni mwake kwa meno, hufanya mambo mawili kwa pamoja: huichubua ngozi, ikawa wazi, na huilainisha kwa mate, ikawa tayari kupokea. Virusi vilivyokuwa katika kidole gumba hupata mlango katika cha shahada, kisha cha kati, na pengine hupanda hadi midomoni. Fauka ya hayo, mahali penyewe pana maficho. Ngozi hujikunja juu ya ukucha na kupita chini yake, na chunjua iliyojipenyeza humo huwa imefunikwa na kitu kigumu kisichopitisha dawa, hata mtu akaitibu ile sehemu aionayo na kuiacha nusu iliyojificha, nayo ikarudi upya baada ya wiki chache. Tena kidole hakina siku ya mapumziko: kitashika kalamu, kitafua, kitacheza mchanga, kitaingia mdomoni, na kila tendo laweza kupafungua mahali palipokuwa panataka kufunga.

Iko sababu nyingine, na hii ndiyo imtiayo tabibu mwenye busara hadhari kubwa. Ukucha huzaliwa chini ya ngozi ya nyuma yake, mahali pale tunapopaona pameingia ndani ya nyama, na hapo ndipo lilipo shina lake. Mgomba ukijeruhiwa moyoni, majani yake hutoka yamechanika tangu kuzaliwa kwake. Vivyo hivyo shina la ukucha likichomwa, likikatwa au kugandishwa kupita kiasi, ukucha hutoka na mfuo, au umepasuka katikati, au haurudi kabisa. Ukucha wa mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, na huchukua karibu miezi 6 kujifanya upya wote, kwa hiyo kosa la leo huenda lisidhihiri mpaka nusu mwaka imepita, na hapo hapana awezaye kulirudisha nyuma.

Kabla ya kutibu, sharti mtu awe na yakini kwamba anachokitibu ni chunjua. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, jambo liwezalo kumdanganya mtu upesi ni funza, ambaye hupenda ukingo wa kucha za miguu kama zipendavyo chunjua, naye pia huonyesha doto jeusi katikati ya uvimbe. Lakini funza huwasha na kuuma katika siku chache, uvimbe wake ni laini na mweupe, na doto lake ni moja. Chunjua huota kwa miezi, ni ngumu, yakwaruza, na vidoto vyake aghalabu ni vingi na vidogo. Kaka, ambalo wengine huliita mdudu wa kidole, huja kwa ghafla, kidole kikavimba, kikawa cha moto na kupwita usiku, na usaha ukakusanyika. Hilo ni la kupelekwa zahanati siku ile ile, wala halingoji dawa ya chunjua. Sugu huwa mahali penye msuguano, na mistari ya ngozi hupita juu yake bila ya kukatika, ilhali juu ya chunjua mistari hiyo hukatika na kuzunguka pembeni. Mwenye shaka na aulize kwanza, kwa maana kuchimba kwa pini, ambako watu wetu wamekuzoea kwa funza, kukifanywa juu ya chunjua huzaa damu nyingi na chunjua nyingine.

Je, chunjua za watoto huondoka zenyewe? Naam, nyingi huondoka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1963, ambao uliwafuata watoto kwa miaka miwili bila ya kuwatibu, uliona kwamba theluthi mbili za chunjua zilitoweka katika muda huo. Kinga ya mwili, ambayo kwa muda mrefu haikujua kwamba adui yumo, kwa kuwa hakuingia katika damu wala hakuleta uharibifu wa kuishtua, huja ikamtambua siku moja, na chunjua zikasinyaa na kuanguka, pengine zote kwa wiki moja. Jambo hili lina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba kungoja ni uamuzi halali, wala si uzembe wa mzazi, endapo chunjua ni ndogo na mtoto hana dhiki. La pili ni kwamba dawa nyingi zisifiwazo mitaani zilipata sifa kwa kutumiwa katika wiki ile ambayo mwili wenyewe ulikuwa unamaliza kazi. Kwa hiyo ushuhuda wa mtu mmoja aliyepona, hata akiwa mkweli wa kauli, haumtoshi mzazi kuweka kidole cha mwanawe rehani.

Hata hivyo kuna watoto ambao kuwaambia wangoje ni kuwaonea. Yule ambaye chunjua humuuma anaposhika kalamu, yule ambaye ngozi yake hupasuka na kutoa damu juu ya daftari, yule ambaye chunjua zimeanza kuuinua ukucha au zinaenea kila mwezi, na yule afichaye mikono yake chini ya deski kwa fedheha na kukataa kuinyosha ajibu swali alijualo, hao wote wastahili matibabu, na huyu wa mwisho hana haki ndogo kuliko wale wa kwanza.

Tiba ya kuanzia, ambayo ni rahisi na ambayo mzazi aweza kuisimamia nyumbani, ni tindikali iitwayo salisiliki, inayouzwa katika maduka ya dawa ikiwa katika hali ya matone au rangi ya kupaka, aghalabu kwa nguvu ya asilimia 17 hivi. Zipo pia plasta zenye nguvu ya asilimia 40, lakini hizo kwa ngozi laini ya kandokando ya ukucha wa mtoto ni kali, na zisitumiwe bila ya agizo la tabibu. Mafuta ya Whitfield, ambayo yapo katika zahanati nyingi kwa ajili ya mashilingi na mapunye, yana salisiliki hiyo hiyo lakini kwa asilimia 3 tu, kwa hiyo asistaajabu mtu akiyapaka juu ya chunjua nene na asione tofauti. Kazi ya tindikali hii ni kuilegeza ngozi ngumu tabaka baada ya tabaka, na katika kufanya hivyo huichokoza ngozi kidogo, ikaiamsha kinga ya mwili ije itazame kilichopo.

Utaratibu wake ni huu. Kila usiku, baada ya kuoga, kidole na kitiwe katika maji ya vuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, mpaka chunjua ilainike. Kisha kikaushwe, na ile ngozi nyeupe iliyokufa isuguliwe polepole kwa kitupa cha kucha au kipande cha msasa laini, na mkono usimame kabla ya maumivu na kabla ya damu. Kitupa hicho ni cha chunjua tu. Kisiguse kucha nzima wala kisitumiwe na mtu mwingine, na kipande cha msasa kitupwe kikisha kazi. Halafu ngozi nzima iliyoizunguka chunjua, na hasa ile ya nyuma ya ukucha, ipakwe mafuta ya mgando ili tindikali isiile. Ndipo dawa iwekwe kwa ncha ya kijiti cha meno juu ya chunjua peke yake, iachwe ikauke, na kidole kifungwe plasta. Aghalabu dawa hizi za matone hushika moto upesi, kwa hiyo zisifunguliwe karibu na kibatari wala jiko. Chupa yake iwekwe mbali na mikono ya wadogo, na mtoto mwenye mazoea ya kunyonya vidole asipakwe bila ya kufungwa vizuri. Walio chini ya miaka miwili wasipakwe kabisa, wala dawa isipakwe usoni, sehemu za siri, wala juu ya kidonda. Na mtoto mwenye kisukari, au aliyepata kudhurika na aspirini, aonwe na tabibu kwanza.

Kazi hii hudumu wiki 12, na hapa ndipo watu wengi hushindwa. Hupaka wiki mbili, chunjua ikapungua kimo, wakaridhika na kuacha. Au hupaka kwa hamaki mara tatu kwa siku, ngozi ikachubuka na kuuma, wakaacha kwa khofu. Njia ya katikati ndiyo yenye faida: ngozi ikiwa nyekundu na kuuma, pumzisha siku mbili tatu, kisha endelea; na usiache mpaka vidoto vyeusi vimekwisha na mistari ya ngozi imerudi kupita mahali hapo bila ya kukatika. Mtoto mkubwa apewe sehemu ya kazi, kuandaa maji au kuhesabu dakika, ili tiba iwe jambo lake wala si adhabu aletewayo kila usiku.

Watu wengi husikia pia habari za kuifunika chunjua kwa utepe mzito wa kunata, ule wa rangi ya fedha utumiwao na mafundi. Sifa yake ilitokana na uchunguzi mmoja wa Marekani wa mwaka 2002, uliowahusu wagonjwa 51, ambao ulionyesha kwamba chunjua za asilimia 85 ya waliofungwa utepe zilitoweka, nazo za waliogandishwa kwa baridi ni asilimia 60. Lakini mwaka 2006 huko Uholanzi watoto 103 walichunguzwa kwa uangalifu, na baada ya wiki 6 waliopona kwa utepe walikuwa asilimia 16, na waliopewa kisichokuwa dawa ni asilimia 6, tofauti ambayo kwa hesabu za wataalamu haikutosha kuwa hoja. Basi hukumu ya haki ni kwamba utepe haudhuru sana, na kwa mtoto atafunaye kucha waweza kufaa kwa kumzuia tu asikifikie kidole, lakini usitegemewe kuwa dawa.

Endapo wiki 12 zimepita kwa utaratibu wa kweli na chunjua ingalipo, hospitali ina njia nyingine, na inayojulikana zaidi ni kuigandisha kwa naitrojeni ya maji, ambayo ubaridi wake hufika digrii 196 chini ya sifuri. Uchunguzi mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2010, uliona kwamba kwa chunjua za kawaida, ambazo nyingi zake huwa mikononi, asilimia 49 ya waliogandishwa walipona katika wiki 13, ikiwa ni asilimia 15 kwa salisiliki na asilimia 8 kwa waliongoja tu. Tarakimu hizo zatia moyo. Walakini mzazi ajue mambo matatu kabla ya kukubali. Kwanza, huuma sana, na kandoni mwa ukucha huuma zaidi, kwa kuwa malengelenge yake hayana nafasi ya kuinuka. Mtoto mdogo hafai kushikwa kwa nguvu na watu wanne kwa ajili ya ugonjwa usiomtishia uhai. Pili, baridi ikizidi nyuma ya ukucha huweza kulijeruhi lile shina tulilolieleza. Tatu, ngozi nyeusi ikigandishwa huweza kubaki na baka jeupe au jeusi kwa miezi mingi, na pengine daima, na tabibu asiyelitaja jambo hili kwa mgonjwa wa kwetu hajamweleza yote.

Zipo na njia nyingine mikononi mwa wataalamu: kantharidini, dawa itokanayo na mdudu, ambayo hupakwa na tabibu mwenyewe na kuinua lengelenge bila ya kuuma wakati wa kupakwa, malhamu iitwayo imikwimodi, iamshayo kinga ya ngozi, dawa za kuichokoza kinga zidungwazo ndani ya chunjua, na mwanga wa leza. Chunjua iliyojificha chini ya ukucha pengine humlazimu tabibu aukate ukucha sehemu kidogo ili dawa ipate njia. Sindano ya bleomisini, ambayo wakubwa wengine hutibiwa kwayo, si ya kukimbiliwa kwa vidole vya watoto, kwani huweza kudhuru mishipa ya damu ya kidole na ukucha wenyewe. Na kukata kwa kisu au kuchoma kwa umeme huacha kovu, na mara nyingi chunjua hurejea katika kovu hilo hilo, kwa hiyo njia hizo ni za mwisho kabisa. Dawa moja iliyo hakika kwa wote haijapatikana, na yeyote aahidiye kuondoa chunjua kwa siku moja bila ya madhara haaminiki.

Sasa yatubidi kuyasema kwa uwazi yale yafanywayo majumbani. Wembe ulioikata chunjua ya mtoto mmoja ukapita kwa mwingine huweza kubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Maji ya betri, ambayo wengine huyadondosha juu ya chunjua kwa kijiti, hayajui mpaka kati ya ngozi mbovu na ngozi nzima. Hula vyote, yakaendelea mpaka kwenye mfupa. Utomvu mweupe wa mnyaa huunguza ngozi, na mkono uliopakwa ukifika jichoni huweza kulipofusha. Kuchoma kwa sigara au msumari uliotiwa motoni ni mateso, na mtoto aliyefanyiwa hayo huogopa hata tabibu mpole. Wafanyao hivyo wengi wao hawana ubaya moyoni. Ni wazazi waliochoka, na ndiyo sababu twawasihi kwa upole, lakini pasipo kulegeza neno, waache.

Hapana tiba itakayodumu ikiwa meno yangali kazini. Kumpiga mtoto kofi la mkono kila apelekapo kidole mdomoni hakumwachishi, bali humfanya atafune kwa siri. Kwa maana wengi hutafuna kucha wanapokuwa na wasiwasi, na kofi ni wasiwasi mwingine ulioongezwa juu ya ule wa kwanza. Afadhali kucha zikatwe fupi kila wiki, vigozi vikatwe kwa mkasi wala visibanduliwe, ngozi ipakwe mafuta isipasuke, na mtoto asifiwe kwa kila siku aliyoivuka salama. Wako wapakao shubiri kuchani kwa uchungu wake, nayo si mbaya ngozi ikiwa nzima. Lakini pilipili isipakwe, kwani huunguza mahali palipochubuka na kufika machoni.

Shuleni, mtoto mwenye chunjua hana sababu ya kutengwa. Plasta juu ya kidole yatosha kumruhusu kucheza, kuandika na kula na wenziwe. Nyumbani awe na taulo lake na mkasi wake wa kucha, na hayo yafanywe bila ya makeke, asije akajiona najisi katika nyumba ya wazazi wake. Mwalimu asikiaye watoto wakimtania mwenzao kwa mikono yake na aseme neno, kwa kuwa chunjua huondoka na tusi hubaki.

Hali zimlazimuzo mzazi kumpeleka mtoto kwa tabibu ni hizi: kidole chenye usaha, uvimbe au maumivu makali, ukucha unaoinuka au kubadilika umbo, chunjua iliyopo usoni au sehemu za siri, na chunjua nyingi mno, zieneazo upesi katika mwili, ambazo huweza kuwa dalili kwamba kinga ya mtoto imepungua. Kwa hizi za mwisho tabibu huenda akashauri kupima virusi vya Ukimwi, na shauri hilo lipokewe bila ya hofu, kwani watoto wengi wenye chunjua wana afya njema, na yule aliye na virusi hunufaika mno kwa kujulikana mapema. Mtu mzima naye, aliye na chunjua moja isiyopona kandoni mwa ukucha kwa miaka, asijilinganishe na mtoto, bali aende akatolewe kipande kikachunguzwe, kwa sababu kwa wakubwa saratani ya ngozi huweza kujificha katika sura hiyo.

Neno moja ni la kuwatuliza akina mama. Tanzania ilianza mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019, kuwachanja wasichana dhidi ya virusi vya papiloma ili kuwakinga na saratani ya shingo ya kizazi, na wako waliosikia jina hilo wakadhani chunjua ya kidole ya binti yao ndiyo mwanzo wa saratani hiyo. Sivyo. Ni jamaa moja lakini aina mbalimbali. Aina za vidole si zile za saratani ya kizazi, na chanjo ile haikutengenezwa kwa ajili ya chunjua za mikono. Binti na achanjwe kwa faida yake kubwa, na kidole chake kitibiwe kwa njia yake.

Wala si lazima mzazi afunge safari kwenda mji mkuu. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Moshi, katika hospitali ya KCMC, kilianzishwa mwaka 1992 kwa kusudi la kuwafundisha wahudumu wa afya wa nchi nyingi za Afrika elimu ya ngozi, ili wagonjwa wapate msaada karibu na makwao. Aliye mbali na bingwa na aulize katika hospitali ya wilaya kama yupo afisa aliyesomea maradhi ya ngozi.

Basi mzazi mwenye mtoto wa namna hii na auweke wembe mbali, ayasahau maji ya betri, na kama mtoto hana mojawapo ya dalili tulizozitaja, aanze usiku huu kwa maji ya vuguvugu, kitupa, mafuta ya mgando na matone ya salisiliki, na aendelee hadi wiki 12 zitimie. Na dalili hizo zikiwapo, ampeleke mtoto kwa tabibu kesho asubuhi.